Siku moja ndani ya shule ya msingi Japani: uangalie nini?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Nimechaguliwa kwenda ziara ya mafunzo Japani, na ratiba inaonyesha tutashinda shule moja ya msingi kuanzia asubuhi hadi watoto wanapoondoka. Wenzangu waliotangulia walirudi na picha nyingi za watoto wakisafisha madarasa na kugawa chakula. Mimi darasani nina watoto 90. Niangalie nini ambacho kitanifaa nikirudi? Na nikae vipi nisiwaudhi wenyeji?"

Jibu: Mwalimu, hongera. Nimefurahi umeuliza mapema, maana mambo mawili matatu nitakayokutajia inabidi uyaombe wiki kadhaa kabla hujafika.

Nikujibu kwa ufupi kwanza. Ukiwa na siku moja, macho yako yawe kwa watoto, kwenye madaftari yao na ubaoni, kuliko kwa mwalimu anayefundisha. Halafu omba ukae na walimu wanapolijadili somo lililofundishwa siku hiyo. Kile kikao ndicho kinachoishikilia shule ya Kijapani, na katika yote utakayoyaona, ndicho unachoweza kurudi nacho Morogoro bila kusubiri fedha ya mtu yeyote.

Picha za usafi zisikulie siku yako. Mtoto wa Kitanzania anafagia uwanja tangu darasa la kwanza, anamwagilia maua, anadeki darasa. Kwa hiyo ukiona watoto wameinama wakisukuma vitambaa vibichi kwenye sakafu ya korido, usiandike tu kwamba wanafanya usafi. Tazama yale ambayo kwetu ni nadra. Shule nyingi hutenga kama dakika 15 hadi 20, mara nyingi baada ya chakula cha mchana, muziki unasikika kwenye vipaza sauti, na mwalimu naye ameshika kitambaa. Shule nyingine huchanganya makundi, mkubwa wa darasa la sita akamwelekeza mdogo wa darasa la kwanza jinsi ya kukamua kitambaa chake. Hakuna aliyepelekwa chooni kwa sababu amechelewa namba. Inaniuma kusema hivi, lakini sisi tumeifanya kazi ya usafi kuwa adhabu. Mtoto akipiga kelele anafyeka, akichelewa anasafisha choo, na anamaliza shule ya msingi akiamini kwamba ufagio ni wa wakosaji. Hilo unaweza kulibadilisha Jumatatu ya kwanza ukirudi, na halina gharama.

Kwa Wajapani, usafi ni sehemu ya mtaala wa taifa, katika eneo wanaloliita tokkatsu, pamoja na zamu za kugawa chakula, sherehe, siku ya michezo na vikao vya darasa. Ukipata nafasi, afadhali ukose usafi uone kikao cha darasa. Mtoto mmoja ni mwenyekiti, mwingine anaandika ubaoni, na wanajadili jambo lao dogo, tuseme mwenzao anayehama shule waagane naye vipi. Mwalimu amekaa pembeni. Wanabishana, wanapunguza mapendekezo, wanagawana kazi. Misri ilipotia saini ushirikiano wa elimu na Japani mwaka 2016, na kuanza kufungua shule za Kimisri na Kijapani mwaka 2018, hii tokkatsu ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wake, vikao vya darasa vikiwamo. Wamisri walielewa kwamba ufagio peke yake haubadilishi kitu. Mtoto lazima awe na sauti katika mambo anayoyafagia.

Chakula hutakosa kukiona. Sheria ya chakula shuleni ipo tangu mwaka 1954. Watoto wa zamu huvaa kofia na makoti meupe na kuwapakulia wenzao, na mwalimu mkuu au mwingine aliyepewa jukumu hilo hukionja kabla watoto hawajala. Kwa miaka mingi wazazi walichangia gharama ya vyakula, ingawa manispaa nyingi zimeanza kuibeba zenyewe. Kula nao, furahini, kisha jioni utaandika sentensi mbili.

Sasa twende darasani, maana hapo ndipo utakapopata kazi yako. Omba somo la hisabati, na la madarasa ya chini ikiwezekana, kwa sababu namba utazisoma hata kama hujui neno moja la Kijapani. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 45. Wanafunzi wa zamu ya siku wanawasimamisha wenzao, wote wanainamisha vichwa kusalimu, wanakaa. Mwalimu anaandika swali ubaoni. Swali moja. Sisi tungeshaandika mifano mitatu na zoezi la maswali kumi.

Tuchukue darasa la kwanza wanaojifunza kutoa kwa mara ya kwanza pale ambapo namba za mamoja hazitoshi. Kuna matunda 13, yamechumwa 9, yamebaki mangapi? Hiyo 13 na hiyo 9 hazikuokotwa njiani. Tisa iko jirani na kumi, kwa hiyo mtoto anavutwa kuitoa kwenye kumi, inabaki 1, anaijumlisha na 3, anapata 4. Ungempa 12 kutoa 3, angevutwa upande mwingine: atoe 2 kwanza zibaki 10, kisha atoe 1. Njia zote mbili ni sahihi, lakini mwalimu wa Kijapani ameamua ni ipi ianze kujitokeza leo, na ameamua kwa kuchagua namba. Walimu wa huko hujadili jambo kama hili kwa muda mrefu, na vitabu vya mwongozo vinalieleza. Mimi nimepita chuo cha ualimu na nimefundisha vyuoni miaka mingi, na sikumbuki siku tuliyokaa kujadili kwa nini tutumie 13 tusitumie 12. Naona hii ndiyo ilimu ya ualimu hasa, na tunaipita mbio.

Nilipokaa katika darasa la aina hiyo nilimchagua mtoto mmoja karibu na dirisha. Alichora viduara 13 daftarini, akavikata kimoja kimoja hadi tisa, akahesabu vilivyobaki, akaandika 4. Mwalimu alipita, akatazama, akaandika kitu kwenye karatasi yenye mchoro wa viti vyote vya darasa, akaendelea na safari yake. Hakuweka vema wala kosa. Wakati wa kujadili ulipofika, yule mtoto ndiye aliyeitwa wa kwanza, aoneshe viduara vyake. Kisha akaitwa mwingine aliyevunja 13 kuwa 10 na 3. Mwalimu akauliza darasa: kazi za hawa wawili zinafanana wapi? Watoto wakawa wanasogea ubaoni kuonesha kwa vidole. Nikamwona mtoto wangu wa dirishani anarudi daftarini, anazungushia mstari mmoja viduara vyake kumi, na vile vitatu anaviacha nje.

Ningekuwa nimemkodolea macho mwalimu, lile lingenipita. Na jambo la kushika ni lile la karatasi ya viti. Akizunguka kati ya madawati, mwalimu hasahihishi. Anakusanya: nani amefanya kwa njia gani, nani amekwama, nani ataanza kueleza na nani atafuata. Mpangilio huo wa kuwaita ndio somo lenyewe. Anaanza na njia ambayo kila mtoto anaielewa, anamalizia na ile anayotaka darasa zima liondoke nayo. Jibu lenye kosa nalo huitwa, likajadiliwa bila kicheko, kwa sababu limepangiwa nafasi yake.

Uangalie ubao pia. Unaanzia kushoto na swali la siku, unafuata na majibu ya watoto, mara nyingi yakiwa na sumaku zenye majina yao, na unaishia kulia na hitimisho lililoandikwa kwa maneno yaliyotoka darasani. Katikati hapafutwi. Mwisho wa kipindi, mtu aliyekuwa nje anaweza kuusoma ubao akajua safari nzima ya somo, na mtoto aliyesinzia anaweza kurudi alipopotelea. Walimu huuchora ubao wao kwenye andalio la somo kabla ya kuingia darasani. Ukiruhusiwa kupiga picha moja tu siku nzima, piga ubao dakika ya mwisho ya kipindi.

Najua utakachosema: mimi nina watoto 90. Ni kweli, na usikubali mtu akwambie kwamba idadi si kitu. Kuna mambo ya kule yanayotegemea sheria na bajeti, na tusidanganyane: vitabu vya kiada vya miaka tisa ya elimu ya lazima ni bure, na darasa lina kikomo. Lakini angalia kikomo hicho kimetoka wapi. Sheria ya mwaka 1958 iliyoweka viwango vya ukubwa wa madarasa ilianza na watoto 50. Kikashuka hadi 45 miaka ya 1960, kikafika 40 kuanzia mwaka 1980. Mwaka 2011 kilishuka hadi 35 kwa darasa la kwanza tu, na mageuzi ya 2021 ndiyo yaliyokipeleka hadi 35 kwa shule ya msingi yote, darasa baada ya darasa. Ufundishaji huu wa swali moja na mjadala wa darasa zima ulikomaa katika madarasa yaliyojaa. Kwa watoto 90 hutaweza kupita kila dawati. Utaweza kupita mistari miwili leo na miwili kesho, utaweza kuchagua namba zako kwa makini, na utaweza kuacha ubao bila kuufuta. Hayo matatu yanatosha kwa muhula wa kwanza.

Nije kwenye kile kikao. Wajapani wanakiita jugyō kenkyū, na kwa lugha yetu ni walimu kulichunguza somo kwa pamoja. Walimu wachache wanaandaa somo moja kwa wiki kadhaa. Mmoja analifundisha kwa watoto wake halisi, wengine wamesimama pembeni na nyuma wakiandika wanachoona. Watoto wakishaondoka, wote wanakaa. Aliyefundisha anazungumza kwanza: alitarajia nini, nini hakikwenda alivyotaka. Kisha waliotazama wanasema walichokiona kwa watoto. Hawasemi "ulifundisha vizuri" au "hukushirikisha". Wanasema: dakika ya kumi na tano, mtoto wa mstari wa pili alifuta jibu sahihi baada ya kuona la jirani; kwa nini? Mwishoni huzungumza mgeni mwenye ujuzi mpana, labda mhadhiri au mwalimu mkuu mstaafu. Hakuna alama zinazotolewa. Somo si la aliyefundisha peke yake, ni la wote walioliandaa, kwa hiyo likianguka limeangukia wote.

Historia yake ina mgeni ndani yake, na nadhani itakupa moyo. Mwaka 1872 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilitangaza mfumo wa elimu wa taifa na kufungua chuo cha ualimu Tokyo. Ikamwajiri Mmarekani, Marion McCartee Scott, awaoneshe walimu wanafunzi namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja kwa kutumia ubao. Kabla ya hapo mtoto alizoea kukaa na mwalimu wake karibu mmoja mmoja, kila mtu na kitabu chake. Ule ubao tunaousifia leo uliingia kama kitu cha kigeni. Wajapani waliuchukua, wakautazama, wakaujadili kizazi baada ya kizazi hadi ukawa wao. Shule za mazoezi zilizoshikamana na vyuo vya ualimu ndizo zilizokuza desturi ya kutazama somo na kulikosoa hadharani, na leo desturi hiyo imeenea katika shule za kawaida za umma.

Kwetu si jambo geni kabisa. Kenya ilianza mradi wa SMASSE pamoja na Japani mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Zambia ilianza kulichunguza somo kwa njia ya Kijapani mwaka 2005, katika Mkoa wa Kati, ikaendelea mikoa mingine. Tanzania tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo inawataka walimu wajifunze kazini, shuleni kwao. Nafasi ipo kwenye ratiba. Kinachokosekana katika vikao vingi nilivyohudhuria ni somo halisi la kujadili. Tunazungumzia mbinu hewani, kisha tunasaini mahudhurio. Na tumezoea kwamba mtu akija kukaa nyuma ya darasa lako ni mthibiti ubora au afisa elimu kata, amekuja na fomu. Ndiyo maana mwalimu wa Kitanzania akiona mwenzake anaingia na daftari, mapigo ya moyo yanapanda. Ukirudi, usianze na shule nzima. Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana, andaeni somo moja kwa muhula, na mkubaliane kwamba katika kikao hakuna atakayetamka jina la mwalimu, ila majina ya watoto na walichofanya.

Hiki kikao ndicho cha kuomba wiki kadhaa kabla. Hakifanyiki kila siku, na usipokiulizia utaoneshwa mazoezi ya ngoma na bustani. Waandikie waratibu wa ziara kwamba ungependa siku yenu iangukie siku ya somo la utafiti, yaani lile linalofundishwa walimu wengine wakitazama na kulijadili, au angalau mkae nusu saa na mwalimu anayesimamia utafiti shuleni hapo. Shule nyingi huwa na mada ya utafiti ya mwaka. Muulize mada yao ni ipi, wameichaguaje, na mwaka jana walibadilisha nini kwa sababu yake. Uliza pia kama shule mnayopelekwa ni ya manispaa au imeshikamana na chuo kikuu. Hizo za vyuo zina walimu hodari sana na huwa na siku za kualika mamia ya walimu kuja kutazama, lakini watoto wake wamechaguliwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua ya manispaa.

Pita na ofisi ya walimu. Ni chumba kimoja kikubwa, meza zimepangwa kwa makundi ya darasa, walimu wa darasa la tatu pamoja, wa la nne pamoja, na mwalimu mkuu msaidizi akiwaelekea wote. Maandalio mengi hupikwa hapo kwa kugeuza shingo tu. Kaa dakika kumi usikie jinsi wanavyoulizana.

Humo humo utaona gharama yake, na nakuomba uitazame kwa macho makavu. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalolinganisha nchi, ulikuta walimu wa sekondari ya chini Japani wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa kama 38. Sheria ya mwaka 1971 iliwapa walimu wa umma nyongeza ya asilimia 4 ya mshahara badala ya malipo ya saa za ziada, na imebishaniwa kwa miaka. Vijana wanaoomba ualimu wamepungua. Kwa upande wa watoto, mwaka wa masomo wa 2023 wizara ya elimu ilihesabu wanafunzi 346,482 wa msingi na sekondari ya chini waliokaa muda mrefu bila kuhudhuria kwa sababu zisizo ugonjwa wala umaskini. Watoto hao hutawaona siku ya ziara, maana hawapo. Utakachoona labda ni mtoto aliyekaa chumba cha afya na mwalimu wa afya kwa sababu darasani hawezi kuingia. Wenyeji wako wanajua haya na wanahangaika nayo. Ukiuliza kwa upole watakujibu kwa uwazi kuliko unavyodhani.

Kuhusu adabu, mengi utayaona kwa kuwafuata wenyeji. Mlangoni unavua viatu na kupewa ndala za ndani. Vaa viatu vya kuvulika haraka. Chooni kuna ndala nyingine, za humo tu, usitoke nazo. Fika dakika chache kabla ya muda, si nusu saa kabla. Darasani usimsaidie mtoto aliyekwama, hata kama moyo unakusukuma; mwalimu anataka kuona atajinasuaje. Usinong'one na mwenzako watoto wakifikiri. Sura za watoto usipige picha bila ruhusa ya shule, na usiziweke mtandaoni. Zawadi ndogo ya kugawana ofisini inatosha, kahawa au korosho zilizofungwa vizuri na kuandikwa vilivyomo, lakini watoto usiwape chochote cha kula, kwa sababu ya mzio. Kama huli nguruwe, waambie waratibu mapema sana, si mezani. Na andaa dakika tano za kuwasalimia watoto kwa Kiswahili, wakifundishwa kuitikia, kwa sababu bila shaka utaombwa useme chochote.

La mwisho ni mkalimani. Wengi ni wazuri kwenye hotuba na wanababaika kwenye hisabati. Omba andalio la somo likufikie siku moja kabla, kaa naye jioni mlipitie, mkubaliane kwamba wakati wa somo hatatafsiri maneno ya mwalimu. Akae karibu na mtoto uliyemchagua, akuandikie anachosema yule mtoto.